Nilimkosa

4 Februari 1996

Mpwa wangu,

Leo ni tarehe nne Februari, na nikihesabu vizuri nimekaa huku miaka ishirini na saba na miezi mitano. Nimehesabu mara mbili, maana barua yako imejaa tarehe, na mimi kwenye tarehe sipendi kusahihishwa na mtoto niliyemwacha na miaka minne na meno manne yaliyooza kwa sukari.

Salamu zako zimefika. Marahaba. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza maneno. Daktari wangu ananisemesha kwa kupaza sauti, akidhani kila mgeni ni kiziwi, na ananisifu kwa kupanda ngazi orofa nne wakati jengo letu lina lifti. Simwambii kitu. Kazi niliiacha mwaka juzi. Miaka ishirini na tano nimekaa ndani ya kibanda cha kioo, visikilizio masikioni, nikitafsiri hotuba za watu wasio na la kusema kwa watu wasiosikiliza. Ilikuwa kazi safi. Hakuna aliyefungwa kwa sababu yake.

Nasikia umekuwa wakili. Hongera. Nimelisoma hilo kwenye karatasi yako yenye nembo, kwani mama yako hajaniambia. Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na barua yake ya mwisho kwangu ilikuwa na mistari mitatu, mmoja ukiwa tarehe.

Sasa ombi lako. Unasema unapeleka kesi ya baba yako Mahakama Kuu, nje ya muda, ili hukumu ya Machi 1968 itenguliwe. Unasema mimi, niliyekuwa mkalimani siku ile, nije niseme kwamba nilimtafsiri vibaya. Halafu unaandika, nanukuu mwandiko wako mzuri: "Baba ameishi miaka ishirini na minane na hisia ya hatia asiyoistahili."

Nani kakufundisha kuandika hivyo? Hatia haihisiwi, mpwa wangu. Hatia hutamkwa. Sikiliza lugha yako mwenyewe: mtu hupatikana na hatia, kama anavyopatikana na bangi mfukoni. Au hutiwa hatiani, kama kuku anavyotiwa kwenye tenga. Kuna mtu mwingine anayepekua, na kuna mtu mwingine anayetia. Kile kinachomkaa mtu kifuani hakina hakimu, nacho sisi tunakiita majuto. Ile lugha ya mahakama, ambayo nililipwa kuijua, ina neno moja kwa vyote viwili, na ndiyo maana ninyi mawakili mnalia kizimbani na kuhukumu mezani. Mmesoma kwa lugha yenye upungufu, sasa mnauleta upungufu huo nyumbani kama zawadi.

Kuhusu siku yenyewe. Baba yako alikuwa fundi lifti. Mwenzake, yule fundi umeme mliyekuwa mkimwita Koleo, alianguka kutoka orofa ya tano ndani ya tundu la lifti, akafa. Wakasema baba yako ndiye msimamizi, na hakuhakikisha mkanda wa mwenzake umefungwa. Hakimu akauliza, unakubali kosa au unakataa? Baba yako akasema, "Nilimkosa." Neno moja. Na neno hilo, kama unavyojua, lina njia mbili. Mtu akitupa jiwe likapita pembeni, kamkosa ndege. Mtu akimdhulumu ndugu yake, wazee husema vilevile, kamkosa ndugu yake. Mimi nilikuwa natafsiri kesi kumi na nne kwa siku. Nilichukua njia iliyokuwa wazi.

Hapo pana kosa la tafsiri, labda. Kosa la tafsiri halihitaji mzee apande ndege. Andika kwenye maombi yako kwamba neno lina maana mbili, bandika kamusi, waachie majaji walale juu yake.

Nisalimie nyumbani.

Mjomba wako


19 Machi 1996

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechukua karibu wiki sita kufika na dakika kumi kunikasirisha, kwa hiyo nimeiacha siku tatu mezani kabla ya kujibu, kama nilivyofundishwa na hao walionifundisha lugha yenye upungufu.

Tuko wazima kiasi. Baba anahema kwa shida. Anakaa barazani na kisanduku chake, anatengeneza vitasa vya watu wa mtaani. Baada ya kifungo hakuna kampuni iliyompa lifti tena, unajua, au pengine hujui. Akishika bisibisi anasahau kifua. Akiiweka chini kinamkumbuka. Mwanangu ameingia darasa la kwanza na ameshamwuliza babu yake jela kukoje. Mama mzima. Hajasema nikusalimie, na mimi si mkalimani, siwezi kukutolea asichosema.

Asante kwa somo la sarufi. Nilikuomba ushahidi.

Hakuna anayekuomba ujute, Mjomba. Kajute au usijute, hilo nakuachia na goti lako. Nataka mambo mawili tu yaingie kwenye jalada. La kwanza, kwamba mkalimani alikuwa shemeji wa mshtakiwa na hakumwambia hakimu. La pili, kile ambacho Baba alisema hasa. Maana yeye anasema hakusema neno moja. Anasema aliongea.

Unaweza kujiuliza kwa nini sasa. Mke wa Koleo anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Ananunua mkaa mahali tunaponunua sisi. Kwa miaka ishirini na minane hajamjibu Baba salamu hata moja, kwa sababu siku ile alikuwa mahakamani na alisikia kwa masikio yake, karani alipotangaza kwa lugha yetu: mshtakiwa amekubali kwamba alimkosea marehemu. Sijamlaumu hata siku moja. Mtu aliyekubali mwenyewe, utamteteaje? Baba amejaribu kumweleza. Anafunga dirisha. Daktari ametuambia tusipange mambo ya mbali. Baba hataki fidia na hataki gazeti. Anataka yule mama asikie, mahali palepale alipoambiwa lile, kwamba mumewe alinyooshewa mkono.

Kesi imepangwa kusikilizwa Novemba. Mahakama inapendelea uje mwenyewe. Ukishindwa, hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili wa viapo wa huko inaweza kupokelewa, lakini hati haiulizwi maswali, na wewe kwa barua hii moja umeshanipa maswali tisa.

Na usinitumie tena kamusi. Ninayo.

Mpwa wako


2 Juni 1996

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa. Huku wamebadilisha mabomba ya jengo zima na kwa wiki mbili nimeoga kwa jirani, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hataki kuamini kwamba nilisoma vitabu kabla ya kuja kwao. Ananionyesha rafu yake kama mtu anayemwonyesha mtoto wanyama. Vyote nilishavisoma. Nimemwacha aendelee, maana maji yake yana moto.

Hongera ya mjukuu. Mwambie jela kuna foleni. Ndivyo nilivyosikia.

Umeandika "shemeji wa mshtakiwa na hakumwambia hakimu" kana kwamba umefukua mzoga. Hakuna aliyeniuliza. Tulikuwa wakalimani wawili kwa mahakama tatu, na mwenzangu alikuwa kalazwa. Mkalimani mahakamani hana shemeji, ana mdomo. Hilo ndilo kosa ambalo baba yako hakuchoka kunikumbusha. Unalijua jina alilonipa? Kasuku. Nikifika kwenu Jumapili, hata sijakaa, "Karibu, Kasuku! Leo umesema ya nani?" Watu wanacheka. Mama yako anacheka na chungu mkononi. Mimi niliyekuwa nimesoma kila kitabu kilichokuwa kwenye maktaba ya mji ule, vyote mia nne na kitu, nakaa kwenye kigoda kile kifupi huku mtu asiyeweza kusoma gazeti bila kuchezesha midomo ananifanyia mbwembwe, na grisi imemjaa kwenye kucha. Hata Koleo alikuwa akicheka, na yeye hakuwa mchekaji.

Nakwambia ili ujue unamwomba nani ushahidi.

Na huo unaouita ushahidi ni nini? Mzee wa miaka sabini anakumbuka kwamba aliongea. Wazee wote wanakumbuka kwamba waliongea. Mimi mwenyewe nikikaa peke yangu nakumbuka majibu mazuri sana niliyowapa watu, ambayo sikuwapa. Mahakama, kwa upande wake, haitaki kujua mtu alinyoosha nini. Inataka kujua anakubali au anakataa. Ni mashine ya matundu mawili. Ukiingiza moyo wa mtu unakwama, kwa hiyo wanamwajiri mtu wa kuukata uingie. Nilikuwa huyo mtu, na kazi yangu niliijua.

Tena hujaniambia jambo moja, wewe hodari wa tarehe. Mkalimani huapa. Nikisema kwamba sikutafsiri sawasawa, nani ataniahidi kwamba sitakutana na mwendesha mashtaka uwanja wa ndege?

Sitakuja. Hati ya kiapo nitaifikiria.

Mjomba wako


27 Juni 1996

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii sina habari za nyumbani ila moja, nayo iko mwishoni.

Sikuahidi kitu. Kutafsiri uongo chini ya kiapo ni kosa, na mimi siuzi kinga. Nilidhani mtu aliyesoma vitabu mia nne na kitu alikuwa analijua hilo alipoapa.

Nimelipata jalada. Lilikuwa chini ya rafu, limetafunwa pembeni na mchwa, lakini ukurasa wetu mzima. Hakimu wako alikuwa na mwandiko mbaya na tabia nzuri: aliandika kila alichokiona. Nakuandikia kwa lugha yetu, na tafsiri ni yangu, ukitaka nikosoe:

"Mshtakiwa anasomewa shtaka. Mshtakiwa anaongea kwa muda. Mkalimani: Anakubali. Anasema alimkosea marehemu."

Anaongea kwa muda, Mjomba. Neno moja haliongewi kwa muda.

Sasa habari ya nyumbani. Jana nilimsomea Mama mstari huo. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Akasema, "Mimi nilijua." Nikamwuliza alijua nini. Akasema, "Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Ile lugha yao siijui mimi. Lakini baba yako aliongea mpaka akakohoa, halafu kaka yangu akasema kwa pumzi moja. Mambo marefu vile yanaingiaje kwenye pumzi moja?"

Nikamwambia, Mama, miaka yote hii? Akasema, "Ningesema nini? Yule ni mume wangu, na huyu ni kaka yangu." Akaendelea na mchele wake.

Uliniandikia mistari kumi na mbili juu ya jina la Kasuku. Nimeihesabu. Mtu amekaa jela miaka miwili na miezi minne, na wewe ulichokibeba kuvuka dunia nzima ni kigoda. Nilikuwa nakudhania mtu mkubwa aliyefanya kosa dogo.

Ukiwa na la kusema, lisemee mbele ya wakili wa viapo. Mimi usiniandikie mpaka hapo.

Mpwa wako


15 Oktoba 1996

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa najua hukuiandika kwa moyo.

Ndani ya bahasha utakuta hati ya kiapo, kurasa mbili, na muhuri. Wakili wa viapo wa huku ana ofisi juu ya duka la miwani. Aliniuliza kama nimesoma kilichoandikwa. Nikamwambia nimekiandika. Akasema lazima aulize. Alikuwa na haraka; nilimwona akitazama saa ya ukutani, na nikamchukia kwa chuki ninayoijua vizuri.

Hati ni kavu, kama zinavyotakiwa. Hapa nakupa mbichi.

Baba yako alisema hivi, na nakuapia sijaongeza nukta: "Nilimkosa, mheshimiwa. Alifungua mkanda wake afikie bolti, nikamwambia subiri, akateleza. Nikanyoosha mkono. Nikashika mkono wa shati. Shati likachanika, kitambaa kikabaki mkononi kwangu, nikamkosa." Kisha akakohoa. Mama yako ana kumbukumbu nzuri.

Nilisikia yote. Nilielewa yote. Hakukuwa na njia mbili. Mtu anayesema nikanyoosha mkono nikamkosa, hata mtoto anajua ni kukosa kupi.

Hakimu alisema, "Kwa ufupi, mkalimani. Anakubali au hakubali?" Ilikuwa saa saba kasorobo, na hakimu alikuwa ameshafunga kalamu. Ningeweza kusema, mheshimiwa, hakubali, anaeleza ajali. Maneno manne. Nilimtazama baba yako pale kizimbani. Alikuwa amenawa mikono, lakini grisi ile haitoki, na alikuwa ananitazama mdomoni, mpwa wangu, kama mtu anayetazama bomba akingoja maji. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu, yule bwana alikuwa ananihitaji. Na mimi nikaona, huyu ndiye. Acha leo Kasuku aseme la kwake.

Nikasema, anakubali.

Sikukasirika wala sikuchanganyikiwa. Niliona raha. Raha yenyewe ilidumu muda wa kumeza mate, kisha karani akatangaza, na mke wa Koleo akapiga ukelele, na nikajua nimefanya nini. Bado palikuwa na nafasi. Hakimu hakuwa amesimama. Ningeweza kuinua mkono. Nilikunja karatasi zangu. Adhabu ilikuja baada ya chakula cha mchana, nami ndiye niliyeitafsiri, mwaka kwa mwaka, bila kosa.

Miezi sita baadaye nikapata nafasi ya huku. Mliniaga vizuri.

Barua yako ya kwanza ilinigonga kwa neno hisia, na nikakujibu kwa sarufi. Sasa nikujibu kwa adabu. Majuto siyajui. Sijawahi kulia. Nala, nasoma. Nilichonacho ni dharau. Nilianza na baba yako. Alipofungwa akapungua, nikaihamishia kwenye mahakama, iliyoniamini upesi vile. Kisha kwa wakubwa wa hotuba, kwa jirani wa hesabu, kwa daktari, kwako. Nimedharau kila mtu aliyenikaribia, na kila mmoja nilimpatia sababu nzuri, kwa lugha tatu. Ulipoandika kuhusu kigoda nilikaa chini nikaona nimeishiwa watu. Kama hivyo ndivyo majuto yalivyo, basi yalikuja kwangu yamevaa nguo za mwenzake na sikuyafungulia.

Sheria, kwa bahati, haijali. Sheria inasema kuna kiapo, kuna uongo, kuna mtu. Nimeandika kwenye hati kwamba niko tayari kushtakiwa na anwani yangu ni hii. Niliona aibu kidogo nilivyofurahi kuiandika. Itakuwa mara yangu ya kwanza kuulizwa.

Sikuombi umsomee baba yako barua hii. Sikukatazi.

Mjomba wako


9 Desemba 1996

Mjomba,

Shikamoo.

Nilimsomea Baba. Akaniambia nirudie pale penye saa saba kasorobo. Nikarudia. Akasema, "Ilikuwa saa saba kasoro kumi." Ndilo la kwanza alilolisema juu ya barua yako.

Kesi imesikilizwa tarehe ishirini na sita Novemba. Baba alivaa koti la mume wangu, mikono imemzidi. Mke wa Koleo nilikwenda kumwomba mwenyewe aje. Alinikatalia dirishani, lakini siku ya siku nikamwona kakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kukwepa jua. Jaji ni mwanamke, msikivu. Hati yako ilisomwa yote na mkalimani, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya kutulia. Ilipofika pale pa shati kuchanika, nilisikia benchi la nyuma likilia, mtu kasimama au kakaa, sikugeuka.

Upande wa serikali haukupinga. Jaji akatengua hukumu. Akamwambia Baba, mzee, tangu leo huna hatia, na mahakama inasikitika. Mkalimani akamtafsiria. Baba akasimama, jambo ambalo hakutakiwa kulifanya, akasema, "Nashukuru, mheshimiwa. Lakini nilimkosa."

Yule dada akafungua mdomo, akaufunga. Akamgeukia Baba. Akasema, "Samahani, mzee wangu. Nilimkosa ipi? Hukumpata, au ulimkosea?"

Baba alifikiri. Unamjua anavyofikiri, anatazama vidole.

"Zote mbili, mwanangu," akasema. "Ningemfunga ule mkanda kwa mkono wangu. Nilimwambia tu."

Akatafsiri yote, mwanzo mpaka mwisho. Niliangalia saa, Mjomba, kwa ajili yako. Ilichukua nusu dakika.

Nje, mke wa Koleo alikuwa kwenye ngazi. Nilidhani atapita. Akasema, bila salamu, "Kumbe shati lilichanika."

"Lilichanika," Baba akasema.

"Mkono ule niliushona mimi. Uzi ulikuwa mbovu, niliuona kuwa mbovu, nikasema utafaa."

Baba akamtazama, akasema, "Ah, shemeji, usianze na wewe."

Yule mama akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyesahau kinavyochekwa, kisha akalia. Waliteremka pamoja, taratibu, kwa sababu ya kifua cha Baba. Sasa wanasalimiana. Jana kamletea kitasa.

Kuhusu wewe. Ofisi ya mashtaka imenijibu kwa mistari miwili: kwa kuzingatia muda uliopita na umri wa mhusika, hawaoni haja ya kukushtaki. Nakala imo humu. Najua utaichukia.

Baba anasema, "Mwambie Kasuku aje kabla sijaondoka. Nataka kumcheka usoni, barua hazitoshi." Mama hajasema kitu. Amefua shuka za kitanda cha wageni na kuzianika, na hatuna mgeni.

Mimi bado nimekukasirikia. Lakini ukija nitakuja kukupokea, nikiwa nimekasirika.

Mpwa wako


21 Januari 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku nimeanza mwaka mwingine, na goti la kulia limeamua kumsindikiza mwenzake.

Nakala ya ofisi ya mashtaka nimeisoma. Hawaoni haja. Baba yako alipewa hatia isiyokuwa yake kwa pumzi moja, na mimi naiomba ya kwangu, kwa maandishi, na muhuri, wananiambia nimezeeka. Umekisia vizuri, nimeichukia. Nimeichana, kisha nikaokota vipande kwa sababu zulia ni la mwenye nyumba.

Ile "zote mbili" nimeirudia siku nyingi. Mtu mwingine angeishika kama kamba: tazama, hata mwenyewe anasema alikosea, basi tafsiri yangu haikuwa uongo mtupu. Nimeiona kamba hiyo. Sitaishika. Ile ya pili ilikuwa yake kuisema siku anayotaka, mbele ya anayemtaka, na mimi niliisema kabla yake, nikamwachia miaka ya kuizoea. Mwambie yule dada mkalimani kwamba swali lake ndilo kazi yote. Mimi nilikuwa na vyeti vitatu na sikuwahi kuliuliza.

Shemeji yangu mwambie nimesikia. Nimfahamu nisimfahamu, najua kitakachotokea. Nitafika mlangoni, atasema "Karibu, Kasuku, leo umesema ya nani?", watu watacheka, naye atakuwa amenisamehe kabla sijavua viatu. Atafanya hivyo kwa wepesi, kama anavyofungua kitasa, na nitalazimika kukaa na kunywa chai. Sikuwahi kuweza kukaa kwenye nyumba ile nikiwa sina kosa. Nikiwa nalo sitaweza zaidi. Wewe utaita hiyo kiburi, na nadhani ni kiburi, lakini ndicho kitu pekee cha kwangu ambacho sikukitafsiri kutoka kwa mtu.

Dada yangu mwambie shuka asizianue kwa ajili yangu. Mlalisheni mjukuu.

Nakuomba uniandikie hali ya kifua cha baba yako, kila mwezi, hata mistari mitatu, mmoja ukiwa tarehe. Nitajibu kila barua. Nitamwandikia na yeye pia, moja kwa moja, bila kupitia kwako, nikiweza kuanza.

Sitarudi.

Mjomba wako